Panya wa kugandishwa kwa chatu, Kampala: bidhaa safi, lebo usiiamini

Nanunua panya hawa weupe waliogandishwa kwa ajili ya chatu wa aina ya Python regius, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Muuzaji huwapanga kwa madaraja manne: vichanga, wadogo, wa kati na wakubwa, kisha boda anawaleta wakiwa na barafu. Usafi wao nausifu. Tatizo ni madaraja.

Pakiti moja ya "wadogo" ina panya wa gramu 45 na wengine wa gramu 90. Kwa chatu wa gramu 600, yule wa kwanza ni asilimia 7.5 ya uzito wake na yule wa pili ni asilimia 15. Hicho si chakula kimoja. Kwa hiyo mizani ya jikoni ni ya lazima: pima kila panya angali mgumu, andika gramu kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) yake, ndipo urudishe kwenye friza. Chatu naye apimwe kabla ya kula, siyo tumbo likiwa limejaa.

Hesabu ninayoifuata: chini ya gramu 500, panya awe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa chatu, kila siku 7. Kati ya gramu 500 na kilo moja, asilimia 7 hadi 10, kila siku 10 hadi 14. Chatu mzima, asilimia 5 hivi, kila wiki tatu au nne. Maana yake chatu wa kilo moja na nusu anatosheka na panya wa gramu 75, kwa hiyo ile pakiti ya "wakubwa", ambayo muuzaji huisifia kuliko zote, wafugaji wengi hawaihitaji kabisa. Inanenepesha tu.

Kuna wanaopima kwa macho: nyonga za panya zisizidi sana unene wa chatu pale katikati ya mwili. Kanuni hiyo ni nzuri kwa chatu mchanga, lakini chatu aliyenona hukudanganya, na panya aliyegandishwa akiwa amelala bapa huonekana mpana kuliko alivyo. Baada ya mlo unatakiwa uone uvimbe mdogo unaopotea ndani ya siku moja au mbili. Usipoonekana kabisa na uti wa mgongo ukichomoza, ongeza.

Kuyeyusha: panya wa gramu 50 na zaidi alale kwenye friji usiku kucha, kisha aingie kwenye maji ya nyuzi 38 hadi 40 akiwa ndani ya kaveera iliyofungwa, dakika 10 hadi 15. Bonyeza tumbo, kukiwa na ugumu ndani, bado. Maikrowevu hapana, hupika upande mmoja na kumpasua. Ukishamyeyusha usimgandishe tena. Na nawa mikono, kwa sababu barafu haiui salmonela, bakteria wa kuharisha.

Kutapika ndiyo hasara kubwa. Mara nyingi sababu ni panya mkubwa mno, panya mwenye barafu tumboni, chatu kushikwashikwa kabla ya saa 48 kupita, au baridi. Usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 hivi, ilhali upande wa joto wa sanduku unatakiwa uwe 31 au 32. Umeme ukikatika baada ya mlo, usagaji hukwama na nyama huoza tumboni, kwa hiyo msimu wa umeme wa kubahatisha chagua panya mwepesi kuliko hesabu ile ya juu. Akitapika, mpe maji tu, subiri siku 14, kisha umpe nusu ya saizi ya kawaida. Akirudia, nenda kwa daktari wa mifugo.

Panya wa mtegoni ni bure, najua. Lakini huenda amekula sumu, ambayo kugandisha hakuiondoi, na kwa walio West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, viroboto wake wanaweza kubeba tauni. Heri kulipia hawa.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata wakianza kuandika gramu kwenye pakiti. Na kabla hujaagiza, hakikisha kibali chako cha kumfuga chatu huyo, kutoka UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda), kipo.