Kujenga Tanga ukiwa nje ya nchi: uzoefu wangu na mkadiriaji majenzi wa kujitegemea

Huduma ninayoieleza hapa ni moja tu: mkadiriaji majenzi anayelipwa na mwenye nyumba, asiye na undugu na fundi wala ubia na duka la vifaa, ambaye kazi yake ni kupima kilichojengwa kabla hela haijatoka. Mimi niko Muscat, nyumba iko Tanga upande wa Mwambani: ya chini, vyumba vitatu, mita za mraba 120. Malipo yake yalikuwa asilimia 3 ya gharama ya ujenzi, kwa hatua. Nampa nyota nne kwa tano. Ile moja iliyokatwa nitaieleza mbele.

Walio nje wengi huanza kwa kuuliza, "Nyumba ya vyumba vitatu ni milioni ngapi?" Swali hilo ndilo linalowaumiza. Ukitajiwa jumla huna pa kushika, maana ramani ileile inaweza kupewa jumla mbili zinazopishana kwa theluthi nzima na kila mmoja akajitetea. Omba idadi. Bei ya saruji hupanda na kushuka, lakini mifuko inayoingia kwenye jamvi (zege la sakafu) la ukubwa fulani ni ileile, masika na kiangazi. Ukishika idadi, bei utaiuliza dukani mwenyewe kwa simu.

Kwa nyumba hii mchanganuo ulikuja hivi. Kuta zote, za nje na za ndani, zina urefu wa mita 84. Kutoka juu ya jamvi hadi usawa wa paa ni mita 3, na ukitoa milango na madirisha zinabaki kama mita za mraba 217. Tofali la inchi 6, lile la 18 kwa 9, huenda 10 kwa mita ya mraba ukihesabu na ya kuvunjika. Hapo ni 2,170. Kwenye msingi matofali yanalazwa, hivyo yanakwenda 13 kwa mita ya mraba. Kwa kimo cha sentimita 90 unapata karibu 1,000. Jumla haifiki 3,200. Fundi akikuandikia 4,500 muulize kwa adabu zile 1,300 zinajenga ukuta upi, na akuoneshe kwenye ramani.

Jamvi ndipo pesa inapozikwa. Kwa mita za mraba 120 na unene wa sentimita 10 unahitaji zege mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), mita moja ya ujazo hula mifuko 6.4 ya kilo 50, yaani mifuko 77. Zege hilohilo likimwagwa kwa sentimita 7 na nusu linakuwa mita za ujazo 9, na mifuko inayohitajika ni 58. Mifuko 19 imepata njia ya kutoka saiti, na ukishapiga sakafu hakuna jicho litakaloona tofauti hadi nyufa zianze. Mkadiriaji alifanya kitu rahisi sana: kabla ya kumwaga, vipande vya nondo vilichomekwa kwenye kifusi kila baada ya mita 3, vikiwa na alama ya rangi kwenye sentimita 10, na kila kimoja kikapigwa picha futi kamba ikiwa imesimama pembeni. Picha zikaja kwangu kwanza, ruhusa ya kumwaga ikafuata. Mifuko mitupu haikutupwa. Ilifungwa kumikumi, ikahesabiwa, ikapigwa picha. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye saiti daftari lenyewe ni ile mifuko.

Hapohapo akague vitu viwili vinavyosahaulika. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hivi huku kikimwagiwa maji. Kikijazwa chote kwa mkupuo, jamvi litaachwa likining'inia na kupasuka katikati ya chumba. Halafu nailoni nzito itandikwe juu ya kifusi, baada ya kupuliza dawa ya mchwa na kabla ya zege. Dawa ikipulizwa juu ya nailoni haifiki ardhini, umenunua harufu.

Nondo zipimwe kwa mizani. Kuna nondo zinazouzwa kama milimita 12 ambazo ni 10 na nusu, na kwa macho hutazitambua. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162: unapata kilo kwa mita. Nondo halali ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7 hivi. Ya 10 na nusu ina kilo 8.2, na karibu robo ya chuma ulicholipia haipo. Ya milimita 8 iwe kilo 4.7, ya 16 iwe kilo 19. Mizani yoyote ya kupimia nafaka inatosha. Pima nondo tano pamoja kisha gawanya. Lenta ya nyumba hii, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, yenye nondo nne za 12 kuzunguka mita 84, ilikula nondo 31 pamoja na maungio, na 21 za milimita 8 kwa ajili ya ringi (vyuma vya kuzifunga nondo hizo) za kila sentimita 20. Mkadiriaji ahesabu ringi kabla mbao hazijafungwa. Fundi mwenye haraka huziweka kila sentimita 30 halafu akasema ramani ndivyo ilivyo.

Ukijenga karibu na bahari, chumvi ni adui mkubwa kuliko fundi mwizi. Mchanga wa ufukweni usiingie saiti hata tripu moja, wala maji ya kisima chenye chumvi kwenye zege lenye nondo. Chumvi huivamia nondo ndani kwa ndani, kutu inavimba, na baada ya miaka michache zege linabanduka vipande kwenye nguzo za baraza. Kwenye kuta utaona unga mweupe ukisukuma rangi. Agiza mchanga wa mto, na ukifika ujaribiwe: jaza chupa angavu nusu kwa mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, iache masaa matatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka laini. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, lori lirudi. Kwenye nguzo za nje, zege linaloifunika nondo liwe sentimita 4, na vibiskuti vya zege vya kushikilia nafasi hiyo vionekane kwenye picha.

Habari ya "tripu" nayo ina mtego wake, maana tripu haina ujazo. Bodi ya lori ipimwe: mita 4.2 kwa 2.1, mchanga ukiwa kimo cha sentimita 80, ni mita za ujazo 7. Na mchanga mbichi huvimba. Uliolowa kidogo unaweza kuonekana umezidi kwa robo. Mkadiriaji wangu aliandika ujazo, si idadi ya malori, na hapo gharama ya mchanga ikaanza kueleweka.

Matofali sharti lake lilikuwa yasizidi 30 kwa mfuko mmoja, yanyweshewe maji siku saba kivulini. Tofali zuri likidondoshwa kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu linabanduka kona, halisambaratiki. Saruji kwa Tanga si shida, viwanda viko mlangoni Pongwe na Maweni, kwa hiyo hakuna sababu ya kurundika ya miezi mitatu. Nunua ya wiki, iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Paa nitalipitia kwa kifupi: mbao za msindano zilizotiwa dawa, bati geji 28 la alizinki, ukiwa pwani uulize lenye mpako wa AZ150, yaani gramu 150 kwa mita ya mraba. Nyumba inayopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja ni bora itafute bati la aluminiamu, ingawa bei inauma.

Kuhusu pesa yenyewe. Sikumtumia fundi hela ya vifaa. Duka lililipwa na mimi moja kwa moja, fundi akalipwa ufundi tu, na kila ununuzi uliletewa risiti ya EFD (mashine ya kodi). Risiti hiyo ina namba ya uhakiki unayoweza kuikagua kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, popote ulipo duniani. Nukuu yoyote isiyosema kama VAT imo au haimo, irudishe. Na bajeti yako iandike kwa shilingi. Mwishoni mwa 2024 dola ilishuka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 hadi karibu 2,400 ndani ya muda mfupi. Aliyekuwa ametenga dola 50,000 alipungukiwa shilingi milioni 15 bila kununua hata msumari. Weka kando akiba ya asilimia 15, na usiiguse kwa ajili ya marumaru za kupendeza.

Kiwanja na kibali ni mada ndefu, naigusa tu: upekuzi wa hati ufanyike ofisi ya ardhi, bikoni (alama za mipaka) zioneshwe uwanjani, kibali cha ujenzi kitoke Halmashauri ya Jiji kabla ya msingi kuchimbwa. Asiye raia anawekewa mipaka ya kumiliki ardhi na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kwa hiyo mwenye mume au mke wa kigeni aangalie mapema jina gani linaandikwa.

Sasa ile nyota iliyokatwa. Mkadiriaji ni mtu wa vipimo. Umeme na mabomba alivipitia juu juu. Alihesabu soketi, lakini hakukagua unene wa waya wala kama waya wa ardhi umefika kwenye kila soketi. Bomba za maji hazikujaribiwa kwa shinikizo kabla ya kupiga plasta, na uvujaji wa bafuni ukaonekana baada ya marumaru kubandikwa. Kwa hatua hizo mbili tafuta fundi umeme mwenye leseni na fundi bomba wa pembeni waje mara moja kila mmoja, kabla kuta hazijafungwa. Pia ripoti zilichelewa wakati wa masika, na saiti ikasimama ikisubiri karatasi. Mkataba useme ripoti inatoka ndani ya siku tatu tangu kupima.

Kabla ya kumpa kazi mtu wa aina hii, muombe namba yake ya usajili wa AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi) na uihakiki kwenye bodi yenyewe. Mabadiliko yote ya ramani yapitie kwake kwa maandishi yenye idadi na bei kabla ya kufanyika. Dirisha likisogezwa kwa maneno ya simu, mwishoni linakuja na bili isiyo na mwenyewe. Na asilimia 5 ya malipo ya fundi ishikiliwe hadi masika moja ipite juu ya paa. Mvua ikikatika, mkadiriaji arudi na kuangalia dari kwenye kona za mabonde ya paa, chini ya madirisha upande wa kusi, na kiungo cha jamvi na ukuta wa nje. Pakiwa pakavu kote, fundi amaliziwe chake siku hiyohiyo.