Alaska na mama: meli sina neno, ila lile begi

Meli haina kosa, niseme kabisa. Kutoka Vancouver hadi Whittier mama alikula salmoni mpaka akaomba wali mweupe, na siku tuliyoingia Glacier Bay alikaa barazani pa chumba chetu muda wa karibu saa tatu, kajitanda khanga mbili juu ya koti, macho kwenye ule ukuta wa barafu wa Margerie. Kipande kikameguka. Kilishaingia majini ndipo mlio ukatufikia, kama radi ya mbali. "Yesu wangu," akasema, polepole. Safari ingeishia hapo ningetoa nyota tano.

Balaa ni nchi kavu.

Usiku wa mwisho melini unaweka begi nje ya mlango, limebandikwa lebo ya rangi. Watu wa kampuni ya meli wanalibeba kwa lori, wewe unapanda treni yenye vioo mpaka darini. Begi langu nikalikuta lojini, kwenye hifadhi ya Denali. La mama likapitiliza hadi Fairbanks, kama maili 120 mbele, na koti lake zito na dawa zake za presha. Ndiyo, dawa hukaa mkobani, najua, mimi ni nesi, msinifundishe. Alizihamisha mwenyewe jioni ile ili mkoba uwe mwepesi.

Nikaenda mapokezi. Kijana wa watu hakuinua hata macho. "Ilikuwa kwenye karatasi mlizopewa." Karatasi! Lebo walileta wao, rangi walichagua wao. Nikamweleza kwamba mama ana miaka 71 na dawa ni za kila siku. Hapo ndipo akamgeukia mama, akamwita kwa jina lake la ubatizo, kavukavu, kama anamwita mtoto aliyetumwa chumvi, akamwonyesha duka la zawadi: makoti yapo pale.

Kule kwetu Marangu, miguuni pa Kilimanjaro, mwenyekiti wa kijiji mwenyewe humwamkia mama yangu kwanza. Najua Wamarekani ndivyo walivyo, nimeishi nao miaka, wagonjwa wananiita jina langu nami nawaita yao, maisha yanaenda. Lakini siku ile ilinichoma. Mama hakusema kitu, alirekebisha kilemba tu, na hicho ndicho kilichonimaliza. Nikanunua koti. Bei siitaji, kwa sababu mama anaamini tulipewa bure. Usiku ule sikulala, namsikiliza anavyohema.

Nilikuwa nimeshaandika kichwani: nyota moja, na hiyo moja ni ya barafu. Kesho yake tukapanda basi la hifadhi. Barabara ina maili 92 lakini tangu 2021 basi linageuza maili ya 43, ardhi iliporomoka pale Pretty Rocks. Wenzetu walishatuonya tusitegemee kuuona mlima Denali wenyewe, wingu huufunika siku nyingi. Mama hakushangaa. "Hata Kibo hujifunika wageni wakija." Hatujafika mbali dereva akasimamisha basi, akazima injini. Mzee wa makamo, alikuwa amenisikia nikiongea na mama tangu tulipopanda. "Mama," akasema, hivyohivyo kwa Kiswahili, "tazama kushoto."

Mweupe mpaka chini. Basi zima kimya. Mama akauliza upi mkubwa, huu au wetu. Nikamwambia ukweli: huu mita 6,190, Kilimanjaro 5,895. Akautazama tena.

"Mrefu, sawa. Lakini mgomba hakuna hata mmoja."

Basi nyota tatu. Nne kwa ajili ya yule dereva, halafu nikikumbuka yule kijana narudi mbili. Na ukimleta mzazi kutoka nyumbani, ulizia mapema viza ya Kanada. Meli nyingi zimesajiliwa nje, na sheria ya 1886 inazikataza kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine, kwa hiyo lazima ziguse Kanada. Mimi kadi ya kijani, ya ukaazi wa Marekani, ilinitosha, pasipoti ya mama haikutosha, na aliyetuuzia tiketi hakufungua mdomo.

Begi lilirudi usiku wa pili, halijafunguliwa. Nililalamika kwa barua, wakajibu kwa vocha ya punguzo la safari nyingine. Nilitaka kuitupa. Muda wake unaisha mwakani, na mama ameshanipigia mara mbili kuuliza kama bado ninayo.