Gladiola ya porini au ya dukani?

Kati ya maua ya gladiola, la porini, Gladiolus dalenii, ni mwenyeji wa nyasi za Afrika, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zikiwemo. Ya dukani ni chotara, na dalenii ni mmoja wa wazazi wa chotara nyingi.

Kwa bei, ya porini ingeonekana bure, lakini usiing'oe, hasa ndani ya hifadhi kama Kitulo. Omba mbegu au vitunguu vidogo (viazi vya chini vya kupandia) kwa aliyeipanda. Ukianza na mbegu, utasubiri maua kwa misimu kadhaa. Kitunguu kikubwa cha chotara hutoa maua ndani ya miezi mitatu hivi.

Kwa matunzo naipendelea ya porini bila kusita. Kiangazi majani hukauka, kitunguu hulala ardhini, mvua zikirudi huchipua chenyewe, nao ndege aina ya chozi hufuata nekta. Chotara hutaka mijiti ya kuegemea, na vithiripi, wadudu wadogo sana wafyonzao mimea, huiandama. Zote mbili huchukia maji yaliyotuama.

Anayeuza maua ya harusi achukue chotara: rangi ni tele. Mwenye bustani asiyependa kumwagilia achukue ya porini.