Deraya ya Mota: Nani Avae Kwanza Kikosini?

Katika michezo ya vita ya mezani, inayochezwa kwa sanamu ndogo za askari, kikosi hununuliwa kwa pointi. Pointi hizo hazitoshi kamwe, na deraya ya mota (power armour, vazi zito la kivita linaloendeshwa kwa mota) huzila kuliko kitu kingine chochote. Katika meza nyingi hapa Nairobi, mchezaji mgeni humvika kamanda kwanza kwa sababu ya cheo, kisha mdunguzi kwa kuwa bunduki yake ni ghali. Mimi nashauri kinyume: deraya apewe anayelazimika kusimama penye risasi.

Tuanze na hesabu. Kwa dadu ya pande sita, askari anayejikinga kwa 5+ (yaani dadu ikitoa tano au zaidi, jeraha halimpati) hupenywa na wastani wa majeraha manne kati ya sita. Mvike deraya ya 3+, yatapenya mawili tu. Yaani mtu mmoja sasa anadumu kama wawili. Basi tuseme askari mtupu ni pointi 10 na deraya ni 12: afadhali ununue askari wa pili. Lakini akibeba silaha ya pointi 15, thamani yake imefika 25, na deraya ya 12 inakuwa rahisi sana.

Nafasi ya kwanza, bila ubishi, ni ya wavamizi wanaokimbilia alama ya katikati, ile inayotoa pointi za ushindi, na kuishikilia. Alama huwekwa mahali pa wazi makusudi. Ukiinama hadi macho yawe sawa na meza, utaona kwamba karibu kila bunduki ya mpinzani inawafikia. Hawana pa kujificha, na wakifa, pointi za ushindi zinakwenda nao.

Wa pili ni mbeba silaha ya masafa mafupi, hasa mrusha moto. Katika Warhammer 40,000, mmoja wa michezo hii, moto wake hufika inchi 12 tu, kwa hiyo lazima avuke uwanja kabla hajafaa kitu. Kamanda namweka wa tatu, tena iwapo anatembea na wavamizi. Kama kazi yake ni kutoa amri kutoka nyuma, ukuta unamtosha. Tabibu anafuata, pointi zikisalia.

Mdunguzi awe wa mwisho. Katika toleo la kumi la mchezo huo, la 2023, kujificha nyuma ya kifusi huongeza kinga kwa moja, lakini mwenye 3+ hapati nyongeza hiyo dhidi ya silaha zisizotoboa deraya. Mdunguzi wa 5+ akijibanza vizuri anakuwa 4+ bila kulipa chochote. Kwa nini umnunulie deraya?

Muulize pia mpinzani wako anapenda silaha gani. Bunduki ya melta, silaha ya joto kali, hupunguza kinga kwa nne: 3+ inageuka 7+, namba isiyokuwepo kwenye dadu. Mkicheza na watu wa melta, nunua askari wengi badala ya deraya.

Mpangilio huu ni wa michezo inayokuruhusu kumvika askari mmoja mmoja; Warhammer haikupi nafasi hiyo. Unachagua kikosi kizima. Intercessors, askari wa miguu wa jeshi la Space Marines, wana 3+ na kila mmoja huvumilia majeraha mawili. Akina dada wa Adepta Sororitas, jeshi la watawa wapiganaji, nao wana 3+, ila miili yao ni ya binadamu wa kawaida, jeraha moja linatosha. Kwa anayeanza, mimi ningechukua Intercessors: sanamu ni chache, na kwetu ambako nyingi huagizwa kutoka nje, kila sanamu unayoipunguza ni gharama umeokoa. Kama bajeti ni finyu zaidi, kanuni za msingi za Grimdark Future, mchezo mwingine wa aina hii, hupakuliwa bure na hukubali sanamu za kampuni yoyote, hata za kuchapishwa kwa printa ya 3D.

Ukishagawa, mwenye deraya mpake bega rangi tofauti. Rangi ya kopo kutoka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road inafaa, ila ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu iliyoshikilia viungo vya sanamu, isije ikayeyusha plastiki. Mpinzani ana haki ya kuona kutoka upande wake wa meza nani ni 3+ na nani ni 5+, kabla hajarusha dadu.