Ofisi ya viza iliyosoma faili langu la jeshi mstari kwa mstari

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kuandaa maombi ya viza ya uhamiaji ya Marekani, katika ofisi ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, katikati ya jiji la Kampala. Jina lake silitaji, kwa kuwa nina mazuri na mabaya ya kuieleza, na ile niliyoipitia kabla yake nayo siitaji, ingawa ilikaribia kunitumbukiza shimoni. Mke wangu ni raia wa Marekani na anaishi Waltham, karibu na Boston, mji ambao Waganda wameufanya kama mtaa wao mwingine. Yeye ndiye aliyeniombea, na ombi lake lilipokubaliwa mwaka 2022, mimi nikabaki na kazi ya kujaza DS-260, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza ya uhamiaji.

Nilikuwa askari wa UPDF, jeshi la Uganda, kuanzia 2005 hadi 2014, na katika miaka hiyo nilitumikia Mogadishu chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Mwaka 2011 mama yangu alipougua nilipewa likizo ya siku 10, nikakaa siku 46, na baada ya kumzika nikarudi kambini kwa miguu yangu mwenyewe. Kamati ya nidhamu ya kikosi ikanitia hatiani kwa kutokuwepo kazini bila ruhusa, kosa ambalo sisi askari tunaliita AWOL tu, nikalala kota gadi, yaani mahabusu ya kambini, siku 21 na mshahara ukakatwa. Nilipoachishwa jeshi kwa utaratibu miaka mitatu baadaye, nilidhani habari hiyo imebaki kambini.

Katika ofisi ya kwanza nilihudumiwa na kijana mchangamfu aliyetoza shilingi 400,000 na kuahidi kumaliza kwa siku moja. Alipofika kwenye swali la kama nimewahi kutumikia jeshi, aliandika hapana bila hata kuniuliza, akaniambia, "Mzee, hapa tunaweka kwamba ulikuwa mlinzi wa kampuni binafsi, jeshi linaleta maswali mengi." Nilikuwa karibu kukubali. Kilichonizindua ni kwamba fomu ilidai jina na simu ya mwajiri, naye akajitolea kuweka namba ya binamu yake. Nikakusanya karatasi zangu nikashuka ngazi, na pesa yangu ya utangulizi sijaiona hadi leo.

Ofisi ya pili inaendeshwa na mama mmoja wa makamo ambaye kila mtu humwita Madamu. Alisikia lafudhi yangu akaacha Kiluganda na Kiingereza, akanisemesha Kiswahili cha kambini, "Afande, toa vyote, hata vile unavyoona haya kuvitoa." Akaweka rula chini ya kila mstari wa hati yangu ya kuachishwa jeshi na kuisoma kwa sauti ya chini, huku akilinganisha tarehe na zile nilizoandika kwenye fomu. Palipokunjwa karatasi tarehe ya kuajiriwa ilikuwa imefutika, na mimi nilikuwa nimeikisia kwa tofauti ya miezi miwili. Alinisimamisha hapo hapo, akaniandikia rasimu ya barua ya kuomba nakala iliyothibitishwa ya kumbukumbu zangu za utumishi, kwa sababu Kituo cha Taifa cha Viza cha Marekani humtaka kila aliyetumikia jeshi awasilishe kumbukumbu hizo pamoja na vyeti vya kiraia na cheti cha tabia njema cha polisi.

Alichonieleza baada ya hapo ndicho ninachokilipia kwa moyo safi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani huwazuia watu waliotiwa hatiani kwa makosa yanayohesabiwa kuwa ya uovu wa kimaadili, kama wizi na udanganyifu, lakini kosa la kijeshi tupu, kama kuondoka kambini bila ruhusa, haliingii humo. Hata kutoroka jeshi kabisa, mwongozo wa maofisa wao wa konsula unakuweka nje ya kundi hilo. Askari aliyeuza mafuta ya lori la jeshi ana shida kubwa kuliko mimi niliyekaa msibani, ijapokuwa kota gadi tulilala mkeka mmoja. Kwa kosa moja dogo kuna nafuu, iwapo adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo haizidi mwaka mmoja na mhusika hakuhukumiwa zaidi ya miezi 6. Uongo ndio hauna nafuu ya namna hiyo. Anayeficha jambo la msingi ili apate viza anaweza kuzuiwa maisha yake yote, na msamaha wake unataka athibitishe kwamba mume, mke au mzazi wake aliye raia au mkazi wa kudumu wa Marekani atapata mateso makubwa kupita kiasi. Nilimkumbuka yule kijana na binamu yake.

Siku nyingine kwenye benchi la kungojea alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa kadogo, yaani askari mtoto, katika vita vya Luwero, alichukuliwa na NRA, jeshi la Museveni, akiwa na miaka 12, naye alikuwa ameingiwa na hofu na swali la fomu kuhusu askari watoto. Madamu alimfafanulia kwa subira kwamba swali hilo, lililotokana na sheria ya mwaka 2008, linamlenga aliyeandikisha au kuwatumia watoto vitani, si mtoto aliyetumiwa; lakini kwa kuwa kabla ya kutwaa serikali Januari 1986 NRA lilikuwa kundi la msituni, swali jingine linalohusu makundi ya waasi alipaswa kulijibu ndiyo na kuandika maelezo. Akaongeza kwamba waliopata cheti chini ya Sheria ya Msamaha ya Uganda ya mwaka 2000, iliyowasamehe waasi waliojisalimisha, nao hudhani kimefuta kila kitu, wakati fomu inauliza makosa hata yale yaliyosamehewa. Sijasikia ofisi nyingine mjini ikitenganisha mambo haya.

Sasa mabaya yake. Simu haipokelewi baada ya saa nane mchana. Nakala za karatasi zinatozwa kando na ada ya shilingi 700,000, jambo ambalo halikutajwa mwanzoni. Mazoezi ya mahojiano yalikuwa ya kukariri majibu kama shairi la shule, na huko Nairobi, kwenye ubalozi unaoshughulikia viza hizi, hayakunifaa kitu: ofisa aliniapisha, akafungua ukurasa wa kamati ya nidhamu, akauliza tu kama nilirudi mwenyewe au nililetwa. Nikasema nilirudi mwenyewe baada ya mazishi. Akasoma tena, akauliza nilikuwa na silaha au niliiacha kambini. Niliiacha.

Hata hivyo sikutoka na viza. Nilipewa karatasi ya kifungu 221(g), yaani viza imekataliwa kwa muda hadi uchunguzi ukamilike, kisha ikaja barua pepe yenye maswali ya DS-5535, yanayotaka safari, makazi na ajira za miaka 15 iliyopita, pamoja na akaunti za mitandao ya kijamii za miaka 5. Uchunguzi huo ulichukua miezi mitano, na hapa ndipo ninapoilaumu ofisi hii hasa: mtu aliyetumikia Somalia angepaswa kuonywa mapema kwamba huenda akachunguzwa zaidi, kwa kuwa vipimo vya afya kwa kawaida hudumu miezi 6 na viza haiwezi kupita muda wake. Mimi nilivipima mapema, nikajisifu, na vikaisha muda nikiwa bado nangoja. Nililipia vipimo mara mbili, sindano mkono huu na mkono huu. Madamu aliomba radhi, hakurudisha senti.

Viza ilitoka wiki mbili zilizopita, na ukurasa wa siku 21 umekaa ndani ya faili pamoja na vingine vyote. Kwa askari wenzangu watakaokwenda kwake: bebeni hati halisi ya kuachishwa jeshi, si picha ya simuni, kwa kuwa hatawapokea bila hiyo, Jumamosi hufunga saa sita, na lifti ya jengo haifanyi kazi, kwa hiyo wenye magoti yaliyobaki Mogadishu waanze kupanda mapema.