Gitaa kubwa au dogo kwa nyumba ya Lamu

Magitaa ya sanduku, yaani yasiyotumia umeme, niliyoyalinganisha ni mawili ya Yamaha, FG800 na FS800, ambayo yote yana uso wa mbao nzima ya mti wa sprusi wala si plaiwudi. Tofauti kuu ni umbo. Kubwa, FG800, ni la jamii ya dreadnought, umbo ambalo kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kulitengeneza mwaka 1916 na ambalo lilipewa jina la manowari ya Uingereza. Na ukilipitisha kwenye vichochoro vyetu huku punda akija mbele yako, utaona kwamba jina hilo halikukosewa.

Vipimo havionekani kutofautiana sana. Urefu wa uzi unaotoa sauti ni milimita 650 kwa kubwa na 634 kwa dogo, na kina cha sanduku hufika milimita 118 kwa la kwanza na 110 kwa la pili. Hata hivyo mkono huijua tofauti hiyo mara moja, kwa kuwa nyuzi za unene uleule, zikikazwa kwa sauti ileile, huvutana kwa nguvu iliyozidi takriban asilimia 5 kwenye shingo ndefu. Kwa kijana anayeanza, ambaye ncha za vidole hazijaota sugu, na kwa mtu mfupi ambaye bega la kulia hupanda juu akilikumbatia sanduku pana, dogo ni nafuu kubwa.

Kwa upande wa sauti, chumba ndicho kilichoniamulia. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta zake nene za matumbawe hurudisha kila mvumo. Gitaa kubwa, lenye hewa nyingi ndani, hukuza besi. Kwenye chumba cha namna hiyo besi hujaa hadi maneno ya mwimbaji yakapotea. Dogo hutoa besi kidogo, lakini sauti za kati husikika wazi, na vidole vitupu vinatosha kuliamsha. Mtu aliyezoea kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, atalielewa upesi.

Ufukweni Shela mambo hugeuka. Palipo na upepo na watu kumi wanaoimba pamoja, dogo humezwa, ilhali kubwa likichapwa nyuzi zote kwa nguvu hubeba wimbo peke yake. Anayepiga hotelini bila kipaza sauti achukue kubwa bila kusita.

Mimi nimebaki na dogo, ambalo pia hukaa vizuri mapajani ndani ya boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara. Unyevu na chumvi havichagui ukubwa: uso wa mbao nzima hufyonza maji ya hewani na kututumka, nyuzi zikapanda juu ya shingo, basi lolote utakalonunua lifute nyuzi kila baada ya kupiga na ulilaze kwenye kasha lililofungwa.