Ukingoni mwa Iten: paraglaida au hangiglaida?
Huko Iten, Kenya, upepo wa mashariki unaovuka Bonde la Kerio hugonga ukingo wa Elgeyo, ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukapanda na kuwabeba warukaji wa vyombo hivi viwili visivyo na injini. Paraglaida, ambayo ni bawa la kitambaa lisilo na fremu, hukunjwa ikaingia kwenye mkoba wa mgongoni, hivyo aliyetua bondeni hurudi juu kwa matatu. Hangiglaida, ambayo ni bawa lenye fremu ya alumini ambalo mrukaji huning'inia chini yake, hudai gari lenye keria. Hata hivyo, upepo ukikaribia kilomita 40 kwa saa, paraglaida huweza kusukumwa nyuma ya ukingo, penye msukosuko wa kuogofya, ilhali hangiglaida bado husonga mbele. Anayeanza ningemshauri paraglaida, mradi aruke upepo ukiwa mwanana.